Dawa isipofika nchani mwa mzizi, jino halijapona

MKAZI wa Keroka, mji ulio mpakani mwa kaunti za Kisii na Nyamira, akioza jino hadi ndani huwa na njia mbili: aling'oe au atibiwe mzizi. Njia ya pili ni ghali zaidi, na huenda ikamrudisha kliniki mara mbili au tatu, kila safari na nauli yake. Linalosikitisha ni kwamba hata baada ya gharama hiyo ufizi waweza kuvimba tena, mgonjwa akaishia kung'olewa jino lile lile alilolipia liokolewe.

Aghalabu chanzo huwa viini vilivyosalia ndani. Mfereji wa mzizi haukunyooka kama bomba. Hupinda, hugawanyika, na kuta zake zimejaa vijitundu ambamo bakteria hujificha. Mnamo 2001, watafiti wa Zurich, Uswisi, walionyesha kwa picha za eksirei kuwa vifaa vya kukwangulia huacha asilimia 35 au zaidi ya kuta hizo bila kuguswa. Sehemu hiyo hutegemea dawa ya majimaji pekee.

Dawa yenyewe si ngeni. Ni sodiamu haipokloraiti, ile iliyomo katika maji ya kung'arishia nguo nyeupe, na ambayo Henry Dakin aliizimua kuoshea vidonda vya wanajeshi katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Huua bakteria na kuyeyusha nyama iliyooza. Taabu ni kuifikisha chini. Mfereji ni kama chupa nyembamba mno: ukiumiminia maji, hewa hunaswa kitakoni na kuyazuia.

Ndiyo maana daktari hutumia sindano nyembamba yenye tundu ubavuni, akaishusha hadi milimita 1 au 2 kabla ya mwisho wa mfereji. Hasukumi kwa nguvu, kwani dawa ikivuka ncha huunguza nyama za ndani na uso huvimba papo hapo. Kisha dawa huchochewa. Zipo mashine za kuitetemesha kwa mawimbi ya sauti yasiyosikika, lakini ipo pia njia ya mkono, nami naiona inafaa zaidi kliniki ndogo: kijiti cha gutapacha, utomvu ule ule wa kuzibia mfereji, hupandishwa na kushushwa ndani ya dawa takriban mara 100 kwa dakika. Kiputo cha hewa huvunjika. Umeme ukipotea, kazi haisimami.

Hubakia tope la unga wa jino linaloziba vile vijitundu. Hilo huondolewa kwa EDTA ya asilimia 17, kwa dakika moja hivi, kisha dawa ya kwanza hurudishwa mara ya mwisho.

Mgonjwa ana haki ya kuuliza iwapo dawa itachochewa. Na ufizi ukivimba tena, arudi mapema: mara nyingi mzizi huweza kufunguliwa na kusafishwa upya.