Taka za Rongo: usiulize lori liko wapi, uliza dizeli

Uzi wa leo ni wa taka. Najua si mada tamu kama ile ya nani atasimama na nani 2027, lakini nimesoma komenti zenu kuhusu uchafu wa soko na naona tunarushiana maneno bila kujua nani anafaa kuulizwa nini. Sitataja mwanasiasa wala chama. Ukitaja kwa komenti, hiyo ni juu yako.

Kwanza, kazi ni ya nani? Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, Sehemu ya Pili, imeweka uzoaji wa taka na majaa mikononi mwa kaunti. Na imeiweka ndani ya kifungu cha huduma za afya, si cha kurembesha mji. Kabla ya 2013 ilikuwa kazi ya mabaraza ya miji, ndiyo maana wazee hapa bado wanasema "waambie kanjo".

Kwa hivyo ule mtindo wa kumtag mbunge kila tukiona yugi zimemwagika barabarani hautusaidii. Hela za NG-CDF, kwa sheria ya 2015, ni za kazi za serikali ya kitaifa. MCA naye hana lori. Yeye anapitisha bajeti na sheria za kaunti, halafu anawahoji wanaotekeleza. Wanaotekeleza ni gavana na maafisa wake, na pale mji ukiwa manispaa, kuna bodi kwa mujibu wa Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011. Mwanasiasa akikuambia "nitawazolea taka", muulize anagombea kiti gani.

Sasa hesabu. Sera ya taifa ya taka hukadiria kila mtu anatoa kama nusu kilo kwa siku. Nyumba ya watu watano ni kilo 2.5, kwa wiki ni 17.5. Chukua nyumba 2,000 tu, ploti za mjini na zile zinazopangisha wanafunzi wa chuo kikuu. Hiyo ni tani 5 kila siku, tani 35 kwa wiki. Lori la tani 7 linahitaji safari tano, na kwa kweli ni zaidi, kwa sababu taka hujaza lori kabla uzito haujatimia. Na hapo sijagusa soko, yale mabua ya ndizi na maganda ya miwa.

Hapa ndipo mjadala wetu hupotea kabisa. Kila mtu anauliza "lori liko wapi?" Lori mara nyingi lipo. Limepaki.

Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka kaunti itenge angalau asilimia 30 ya bajeti kwa maendeleo. Lori jipya linahesabika kama maendeleo. Lina utepe wa kukatwa, lina picha, lina hotuba. Lakini dizeli, tairi, spea, glovu na malipo ya vibarua wa kufagia ni matumizi ya kawaida, na hakuna mtu hukata utepe kwenye tangi la dizeli. Pesa kutoka Nairobi zikichelewa, na huchelewa, mishahara ya waajiriwa wa kudumu hulipwa kwanza. Mafuta hununuliwa kwa deni. Siku petroli stesheni ikichoka na deni, lori linasimama, na wewe unaliona limepaki unadhani dereva ni mvivu.

Ndiyo maana mimi nikisikia ahadi ya "malori kumi ya taka" wala sishtuki. Nataka kusikia lita ngapi kwa wiki, na hela ya hizo lita inatoka wapi.

Ambayo inatuleta kwa ada, na hapa najua mtanikasirikia. Mama mboga analipa tiketi ya soko kila siku. Mwenye duka analipa leseni ya biashara kila mwaka. Wote wanasema, na wako sawa kabisa, "nalipa na bado nakanyaga taka". Shida ni kwamba hiyo tiketi haiendi moja kwa moja kwa taka ya soko hilo. Inaingia kwa mfuko mmoja wa kaunti, halafu inagawanywa na bajeti. Anayewaambia tiketi zinatosha kuzoa taka aonyeshe hesabu. Anayetaka kuongeza ada naye aonyeshe mstari wa bajeti utakaoongezeka.

Na ada haiongezwi kimyakimya. Inapitia Mswada wa Fedha wa kaunti, na lazima wananchi washirikishwe. Kiambu walipuuza hilo, na mwaka 2014 Mahakama Kuu ikafuta Sheria yao ya Fedha ya 2013 kwa sababu ya ushirikishwaji hafifu. Sheria nzima, si kipengele kimoja. Kwa hivyo ukiona tangazo la kikao cha maoni limebandikwa siku moja kabla, piga picha uweke.

Jaa sasa. Kila kampeni utasikia "tutahamisha dampo". Hakuna anayemalizia sentensi kwa kusema litaenda wapi. Ardhi ya Kamagambo ni ya koo na familia, watu wamezika wazazi wao hapo. Nani atakubali taka za mji mzima zimwagwe karibu na boma la babu yake? Kisheria eneo jipya linahitaji tathmini ya athari kwa mazingira na kibali cha NEMA, na majirani lazima wasikizwe. Kisumu waliishi miaka mingi na lile jaa la Kachok, kando ya uwanja wa Moi, likawa ahadi ya kampeni juu ya kampeni. Dandora kule Nairobi lilitangazwa limejaa 2001 na malori yaliendelea kuingia miaka mingi baadaye. Kwa hivyo anayeahidi kuhamisha jaa bila kutaja eneo anaahidi nusu ya kazi, ile nusu rahisi.

Wakati tunangoja, watu wanachoma. Nawaelewa, mtu atafanya nini na gunia la wiki tatu? Lakini moshi wa plastiki jioni, watoto wakiwa nje, huo mwili hausahau. Nepi za kutupa ndizo mbaya zaidi: haziungui vizuri, hazioi, na wengine wanazishusha kwa mitaro. Mvua za Machi zikija mtaro umeziba, maji yanafurika mpaka vyoo vya shimo, yanarudi visimani. Taka yenyewe haileti kipindupindu, lakini inayafungulia njia maji yanayokileta. Tulikiona Migori na Homa Bay 2015.

Kuna kitu kimoja hakingoji gavana. Sera ile ile inasema asilimia 60 hadi 70 ya taka zetu ni za kuoza: maganda, mabaki ya chakula, majani. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inataka zitenganishwe na zingine. Sasa rudi kwa zile tani 35. Za kuoza zikibaki shambani au kwa mgomba nyuma ya ploti, lori lingebeba kama tani 14 tu. Safari mbili badala ya tano. Landilodi wa ploti ya vyumba kumi anaweza kuweka mapipa mawili badala ya moja. Ila nisiwadanganye: lori likija likamwaga yote pamoja, wapangaji wataacha ndani ya mwezi. Hilo nalo ni swali la kuuliza kaunti, wana mpango gani wa kubeba kilichotenganishwa?

Mnaouliza "sasa tuulize lini", shikeni tarehe. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa bunge la kaunti kufikia Septemba 1. Taarifa ya mkakati wa fedha, Februari 28. Makadirio ya bajeti, Aprili 30. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Na Mdhibiti wa Bajeti hutoa ripoti kila robo mwaka kuonyesha kila kaunti imetumia nini, ziko mtandaoni bure. Ukienda kikaoni usiseme "Rongo ni chafu", hiyo wanajua. Omba karatasi ya idara inayosimamia taka, tafuta mstari wa mafuta na ule wa vibarua, soma nambari kwa sauti ili kila mtu asikie. Nikipata ya mwaka huu nitaiweka hapa chini.