Mikono mitatu inayoshika kalsiamu

Tunapenda kuwaambia wazee wetu: “Kunywa maziwa, mifupa ipate nguvu.” Shauri ni jema, lakini kalsiamu ya maziwa ikifika kwenye mfupa inahitaji kupokelewa.

Mmoja wa wapokeaji wake ni protini ndogo iitwayo osteokalsini, inayotengenezwa na seli zinazojenga mfupa. Kwa binadamu ni mnyororo wa asidi amino 49 tu. Katika nafasi ya 17, 21 na 24 kuna asidi ya glutamiki, na hiyo ndiyo mikono yake mitatu. Kwa msaada wa vitamini K, kila mkono huongezewa chaji hasi. Kalsiamu ina chaji chanya, basi vinashikana. Mwaka 2003 watafiti waliochunguza osteokalsini ya nguruwe waliona imeshika ioni 5 za kalsiamu, zimepangika karibu sawa na zile za fuwele za mfupa. Ndiyo maana inashikamana nazo.

Vitamini K ikipungua, protini inatengenezwa bado, ila mikono yake haishiki vizuri. Mboga za majani kama lengalenga zina vitamini hiyo kwa wingi, na mafuta kidogo ya kupikia husaidia mwili kuipokea.

Lakini tuangalie: dawa ya warfarini, inayozuia damu kuganda, hufanya kazi kwa kuipinga vitamini K. Mgonjwa anayeitumia asizidishe wala kuacha mboga kwa ghafula bila kuongea na daktari wake.

Wengine wote, tuwape wazee wetu maziwa, na sahani ya mboga kando yake.