Kabla Hujanyanyua Gari la Mzigo, Lala Chini Yake Kwanza

Leo tunaongelea gari. Najua wengi humu tunatuma mzigo kwa bodaboda na basi, ila kuna sisi tuliojikakamua tukanunua kagari cha mkononi kanakovuta matairi yote manne, ili tufike wenyewe kwa mkulima. Na kila mwaka mvua zikikolea, utasikia ushauri uleule gereji: linyanyue, livalishe matairi makubwa. Mimi nusura nilipe hela hiyo. Soma kwanza yaliyonikuta.

Nachukua maharage ya njano na asali vijijini huku Kakonko, napiga picha, naposti, na wateja wangu wengi wako Mwanza na Dar. Gari ni Suzuki Escudo ya zamani. Anayeendesha ni mdogo wangu.

Mwezi wa tatu tulikuwa tunatoka upande wa Nyabibuye na gunia tatu za kilo mia mia pamoja na madumu mawili ya asali. Mnaoijua ile njia mvua ikinyesha mnaelewa: udongo mwekundu unateleza kama sabuni, malori yamechimba mifereji miwili, katikati umebaki mgongo mrefu wa udongo. Gari likalala tumbo juu ya ule mgongo. Matairi yanazunguka, gari haliendi mbele wala nyuma. Mtandao wa simu hakuna. Mzigo ulitakiwa upande basi alfajiri ya kesho yake, ukachelewa siku mbili.

Mteja alikuwa ameshalipia. Niliporudi kwenye mtandao nikakuta ameandika chini ya posti yangu kwamba sisi ni matapeli, tumetumiwa hela tukazima simu. Sikumlaumu. Ningekuwa mimi ningeandika hivyohivyo. Nikamrudishia hela yake yote, nikamwomba radhi, lakini ile komenti ilikuwa imeshapigwa picha na kusambazwa kwenye magrupu mawili. Wiki ile nzima sikupata oda hata moja ya mtu mgeni. Mnaouza mtandaoni mnajua uzito wa jambo hilo: duka letu ni jina tu, hatuna fremu ambayo mtu atapita akaona tupo.

Kwa hiyo nilipofika gereji nilikuwa na hasira. Fundi akaniambia, "Dada, hii gari tunainyanyua inchi nne, tunaivalisha tairi za kashata kubwa, utapita popote kama trekta." Nikaanza kutafuta namba ya kulipia. Mdogo wangu ndiye aliyenizuia. "Dada, hebu tuangalie kwanza ilikuwa inagusa wapi."

Tukalala chini ya gari na tochi ya simu. Na hapa ndipo somo lenyewe lilipo.

Kulikuwa na makovu mawili. La kwanza lilikuwa kwenye ekzosi, katikati ya gari: bomba limebonyea na kukwanguliwa. La pili lilikuwa kwenye difu ya nyuma, ile nundu ya chuma katikati ya ekseli: imesuguliwa na udongo mpaka inang'aa. Ukiyatazama haraka unadhani ni tatizo moja, yaani gari liko chini. Kumbe ni matatizo mawili, na dawa zake ni tofauti.

Tukachukua futi, tukapima gari likiwa tupu. Halafu tukapakia gunia tatu zilezile, tukapima tena. Ekzosi ilikuwa sentimita 21 kutoka ardhini gari likiwa tupu. Baada ya kupakia ikashuka hadi 16. Sentimita tano zimekwenda! Springi za nyuma zilikuwa zimechoka kabisa, tumenunua gari na uchovu wake. Lakini difu ilikuwa sentimita 20 gari likiwa tupu, na ikabaki palepale baada ya kupakia. Haikusogea.

Kwa nini? Kwa sababu kwenye gari lenye ekseli nzima ya chuma nyuma, ekseli inabebwa na matairi yenyewe. Springi ziko juu yake. Ukiweka springi ndefu, au spesa, yale mapande yanayowekwa juu au chini ya springi kuongeza kimo, unainua bodi na chesisi na ekzosi. Difu inabaki pale ilipo. Inchi nne za fundi zisingeisogeza difu yangu hata milimita moja. Kinachoinua difu ni tairi lenye kimo kikubwa zaidi, basi. Kunyanyua gari kazi yake hapo ni kutengeneza nafasi ili hilo tairi kubwa lisikwanguane na bodi.

(Kwenye gari ambalo kila tairi la nyuma lina springi na mikono yake, kama RAV4, difu imefungwa kwenye bodi, kwa hiyo itapanda pamoja na bodi. Lakini hapo shafti zinazotoka kwenye difu ndizo zinazopinda, na hilo nalo lina gharama yake.)

Haya, tairi kubwa linainua difu kiasi gani? Hesabu hii fanya mwenyewe usidanganywe. Tairi langu lilikuwa limeandikwa 215/65R16. Ile 215 ni upana kwa milimita. Ile 65 ni asilimia: kimo cha ubavu wa tairi ni asilimia 65 ya ule upana, yaani kama milimita 140. Ile 16 ni rimu kwa inchi, na inchi moja ni milimita 25.4. Chukua rimu, ongeza ubavu wa juu na wa chini, unapata kimo cha tairi zima: milimita 686 hivi.

Tairi la 225/70R16 kwa hesabu hiyohiyo linatoka milimita 721. Tofauti ni 35. Lakini difu iko katikati ya tairi, kwa hiyo inapanda nusu tu: milimita kama 18. Ukienda 225/75R16, kimo ni milimita 744, difu inapanda 29. Yaani hela yote ile ya matairi, unapata upana wa kidole kimoja, au vidole viwili vyembamba. Usidharau kidole kimoja, kwenye ule mgongo wa udongo kina maana. Ila usinunue ukidhani unapata shubiri.

Sasa upande wa hasara, ambao gereji hausemwi sana. Ukinyanyua inchi nne gari ambalo mbele kila tairi linajitegemea, shafti za mbele zinakaa kwa pembe kali muda wote. Mipira inayofunika sivi jointi inachanika, tope linaingia, jointi inakufa. Boljointi zinafanya kazi kwa shida, matairi yanakaa upande, yanalika upande mmoja. Shokapu za zamani zinakuwa fupi. Mipira ya breki inavutika. Kuna jirani yangu mfanyabiashara alinyanyua la kwake hivyo, ni zuri kulitazama limepaki, lakini likifika kwenye lami usukani unatetemeka na kwenye kona abiria wanashika viti.

Na lami sasa tunayo. Nyakanazi hadi Kabingo ni lami, na ule mradi wa Kabingo, Kibondo, Kasulu hadi Manyovu ni zaidi ya kilomita 260. Zamani gari la juu lilikuwa na maana njia nzima. Leo unakuta safari kubwa ni lami, na tope ni zile kilomita chache za mwisho kwenda kijijini. Gari refu lenye gunia kwenye keria, kwenye lami, kwa spidi, linapinduka kirahisi. Halafu kumbuka: kunyanyua hakuongezi uwezo wa kubeba. Kama gari lako lilitengenezwa kubeba kilo mia nne na kitu, litabaki hapohapo hata likiwa refu kama twiga.

Kuna hii pia inayotuhusu sisi wa delivari. Tairi likiwa kubwa, dashibodi inadanganya. Kwa tairi la 721 badala ya 686, ukisoma kilomita 100 ujue umetembea 105. Kama unamtoza mteja nauli kwa kilomita za dashibodi, kila kilomita 100 unampa tano za bure, na mafuta umechoma wewe. Spidi nayo ni hivyo: ukisoma 50 kijijini unakwenda 52 na ushee, na trafiki mwenye tochi hatakuuliza umebadilisha tairi lini. Injini inakuwa nzito kidogo mlimani, utashusha gia mapema, na breki zinahitaji umbali zaidi.

Basi sisi tukafanya hivi. Springi mpya ngumu nyuma, za kuhimili mzigo. Peke yake hizo zilirudisha karibu sentimita nne kwenye ekzosi gari likiwa limepakiwa. Spesa za inchi moja tu mbele na nyuma, shokapu mpya, na matairi ya 225/70R16 yenye kashata za tope. Ekzosi ikakatwa na kuchomelewa tena ikapita juu kidogo. Baada ya hapo tukapeleka kupima mpangilio wa matairi, hiyo usiiruke. Mtu wa bima nilimpigia nikamweleza nilichobadilisha, isije siku ya ajali ikawa hoja.

Kuhusu kununua matairi, ubavuni tafuta tarakimu nne za tarehe. 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi linaweza kung'aa dukani na mpira wake umeshazeeka. Angalia pia namba inayofuata baada ya saizi: 98 ina maana tairi moja linabeba kilo 750, namba ikiwa ndogo na uwezo ni mdogo. Na nunua matano, siyo manne. Spea ya saizi ya zamani kwenye gari linalovuta miguu yote ni kutafuta kuua gia boksi. Mimi hili la spea lilinipa shida maana bajeti ilikuwa imeisha, tukasubiri wiki tatu ndio tukaenda tena vijijini.

Ukimaliza, usikubali fundi akujaribie gari tupu. Sisi tulipakia gunia, tukapandisha tairi moja la mbele juu ya jiwe, tukakata usukani mpaka mwisho kulia, halafu kushoto, halafu tairi la pili. Upande wa kushoto tairi liligusa plastiki ya ndani. Kama tungejaribu tupu tusingeona, tungekuja kuliona tairi limechanika njiani. Baada ya kilomita kama mia tano tukarudi kukaza bolti zote, na kweli mbili zilikuwa zimelegea.

Je, inalipa? Piga hesabu kwa safari. Tuseme kazi yote imekula laki tisa, na safari moja ya kijijini inakuachia faida ya elfu sitini baada ya mafuta. Hizo ni safari 15 za kurudisha hela tu. Halafu jiulize: kwa mwaka ni safari ngapi ambazo tope ndilo lilikukwamisha? Kama ni tatu, usinyanyue. Lipa bodaboda wawili au watatu wakutolee gunia mpaka barabarani, wewe subiri kwenye lami. Kama springi zako ndizo zimechoka, badili springi peke yake uone. Na kabla ya yote, jaribu kupunguza upepo kidogo kwenye tope, tairi litanuke na kushika, kisha ujaze tena kabla ya kurudi kwenye lami. Pampu ndogo, koleo na mbao mbili ni nafuu kuliko kunyanyua gari.

Sisi tulikuwa na safari nyingi za tope, ndiyo maana tulifanya. Na bado kuna vijiji nimewaambia wakulima wangu kwamba mvua ikizidi siji, walete mzigo Kasanda tukutane. Pia oda za masika sasa hivi sisemi "kesho unapata". Naandika siku tatu hadi tano, na sipokei hela yote mpaka gunia liwe limefika kwangu.

Wiki iliyopita tulipita palepale tulipolala tumbo, gunia tatu nyuma. Mdogo wangu akashusha gia, akaenda taratibu. Katikati ya mgongo nikasikia difu inakwangua udongo, mara moja, krrr, halafu gari likaendelea. Saa kumi na moja alfajiri mzigo ulikuwa juu ya basi la Mwanza.