Siri ya Kura ya Asiyeona

Siku ya uchaguzi twaona jambo ambalo kwa wingi wa kuonekana kwake halitushangazi tena. Mzee asiyeona huongozwa na mjukuu wake hadi kituoni, watu humpisha mbele ya mstari, na wote husema: mashaallah, kijana huyu amefanya wema. Wema amefanya, hatukani. Lakini twauliza: mzee yule amempigia kura nani? Mjukuu ajua. Huenda nyumba nzima ikajua kabla ya chakula cha usiku. Na mzee mwenyewe, ana yakini gani kwamba alama ilitiwa pale alipotaka yeye?

Siri ya kura si jambo la kale sana. Huko Uingereza, zilikotoka kanuni nyingi za uchaguzi tulizozirithi, mpiga kura alikuwa akitaja hadharani jina la amtakaye, na mwenye ardhi akimsikiliza mpangaji wake kwa masikio yake mwenyewe. Sheria ya mwaka 1872 ndiyo iliyompa mpiga kura karatasi na faragha. Ila kipofu haikumpa faragha kamili: msimamizi wa kituo ndiye aliyemtilia alama, mbele ya mawakala wa wagombea. Ikapita miaka 61, ndipo sheria ya mwaka 1933 ilipomruhusu kuja na mtu wake amwaminiye.

Mwanzoni mwa karne hii Waingereza walijaribu njia ya tatu. Kila kituo kilitakiwa kiwe na kifaa cha plastiki kibandikwacho juu ya karatasi ya kura, chenye vifuniko vidogo na nambari za kupapaswa kwa kidole. Kipofu hufunua kifuniko na kutia alama kwa mkono wake. Twakiri kwamba tuliposoma habari za kifaa hiki mara ya kwanza tulidhani mambo yamekwisha. Kumbe nambari si jina! Nambari 3 ni nani? Lazima mtu mwingine amsomee orodha, naye ahifadhi kichwani. Mwanamke mmoja asiyeona alilipeleka shauri hilo mahakamani, na mwezi wa Mei 2019 hakimu wa Mahakama Kuu mjini London akampa haki: sheria ilitaka kipofu apige kura bila kumhitaji mtu, na kifaa kisichomwezesha kumjua amchaguaye hakitimizi hayo. Sheria ya mwaka 2022 ikaondoa ulazima wa kifaa kile kimoja, ikawataka wasimamizi waweke vyombo vifaavyo.

Turudi kwetu Afrika Mashariki. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006 juu ya haki za watu wenye ulemavu wataka kura yao iwe ya siri; Kenya iliuridhia mwaka 2008, na Tanzania mwaka 2009. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, Ibara ya 82, yaagiza sheria za uchaguzi ziangalie mahitaji yao. Lakini tazameni kazi yenyewe ilivyo: katika uchaguzi mkuu wa 2013, wa 2017 na wa 2022, Mkenya alipewa karatasi 6, kila moja na rangi yake, azitie katika masanduku 6 yanayotambulikana kwa rangi ya vifuniko. Mwenye macho asiyejua kusoma amesaidiwa sana na rangi. Asiyeona zamfaa nini?

Kwa hiyo kanuni za mwaka 2012 zimemruhusu kuja na msaidizi amtakaye, na msaidizi huyo hula kiapo cha kutunza siri, wala hasaidii zaidi ya mpiga kura mmoja. Akija peke yake, msimamizi humsaidia mbele ya mawakala. Yaani ni utaratibu ule ule wa 1872.

Habari za ngazi ndefu na milango isiyopitisha kiti cha magurudumu hatutazirefusha, kwa kuwa dawa yake yajulikana: mbao, misumari na fundi. Siri ndiyo ngumu, kwani haiwekwi na fundi. Huwekwa na jamaa wa nyumbani.

Enyi vijana mtakaomshika mkono babu au nyanya, msomeeni majina yote kwa mfuatano wake, pamoja na ya wale msiowapenda. Msimwambie, “Si yule yule wetu?” Mwacheni ataje mwenyewe, kisha mumweleze karatasi iliyo mkononi ni ya cheo gani, na mkono wake uwepo karatasi inapoingia sandukuni. Wala asichaguliwe mtu wa kumsindikiza bila ya kuulizwa. Huenda amwamini jirani kuliko mwanawe, na hiyo ni hiari yake. Na wazazi wakimwuliza mjukuu jioni, “Alimtia nani?”, wajue kwamba wamwita kuvunja kiapo, na katika Kenya avunjaye kiapo hicho ahesabiwa mkosaji mbele ya sheria.