Chuma cha vitumbua na risasi iliyoyeyuka

Chuma cha vitumbua kina karibu kila sifa anayoitafuta mtu wa kuyeyusha risasi. Ni kizito, hakipindi kwa moto, na mashimo yake ni mapana juu na membamba chini, kwa hiyo kinachoganda ndani hutoka kwa kugongwa kidogo tu. Marekani, wanaojitengenezea vizito vya kuvulia samaki humimina risasi kwenye vyombo vya chuma vya kuokea keki kwa sababu hiyohiyo. Arusha, mji wa magari ya watalii, malighafi haiko mbali na gereji: vipande vya kijivu vya kubalansia matairi, na betri zilizokufa.

Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi, joto ambalo jiko la mkaa hulifikia bila shida. Chuma cha kumimina kinahitaji zaidi ya nyuzi 1,100, kwa hiyo hakitikisiki. La muhimu zaidi, risasi na chuma havichanganyiki. Hata vikiyeyushwa vyote pamoja hujitenga kama mafuta na maji. Chuma kilichokwisha kuungua kikashika utando mweusi haking'ang'aniwi na risasi hata kidogo. Trei ya kuokea iliyopakwa madini ya bati ni habari nyingine. Bati na risasi ndivyo vilivyokuwa vikitengeneza lehemu ya mafundi redio, kwa hiyo risasi hujilehemu kwenye trei na huo ndio mwisho wa trei. Sufuria ya alumini nayo huyeyuka kwenye nyuzi 660, na mkaa ukipulizwa vizuri unapita hapo. Mtu anayeyeyushia risasi kwenye sufuria ya alumini amesimama karibu na kilo kadhaa za moto wa majimaji zinazosubiri kitako kitoboke.

Kilo kadhaa si chumvi. Shimo la kitumbua lenye ujazo wa mililita 50 hubeba zaidi ya nusu kilo ya risasi. Inapoganda husinyaa kidogo, ikajiachia yenyewe pembeni.

Vipande vya matairi vina mtego wake. Tangu Umoja wa Ulaya ulipopiga marufuku vile vya risasi katika magari mapya, mwaka 2005, vingi siku hizi ni vya zinki au chuma, na kwa macho si rahisi kuvitofautisha. Moto ndio unaovitenga. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 420, na ni nyepesi kuliko risasi; asiyezidisha moto ataiona ikielea pamoja na vibanio vya chuma, aiopoe. Aliyezidisha ameharibu chungu kizima.

Halafu maji. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na maji yake huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Tone likinaswa chini ya risasi ya nyuzi 350 hugeuka mvuke papo hapo, likavimba zaidi ya mara elfu moja, na risasi yote iliyo juu yake hurushwa usoni. Wakati wa masika, chini ya Mlima Meru, chuma kilicholala nje usiku hakikosi unyevu. Hupashwa moto kwanza, kitupu.

Hayo yote ni hatari ya dakika moja. Ile ya miaka ni vumbi. Watu huogopa moshi, kumbe ule utando wa kijivu na manjano unaoenguliwa juu ya risasi, ukikauka, ndio unaosafiri: kwenye viganja, kwenye nguo za kazi, hadi kwenye mkeka anapotambaa mtoto. Mtoto hufyonza risasi mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Betri ni mbaya kupita vyote. Sehemu kubwa ya risasi yake ni uji uliogeuka salfeti, ambao hauyeyuki kwenye moto wa mkaa, unabaki unga. Mombasa walilipa gharama hiyo. Kiwanda cha kuyeyusha betri karibu na mtaa wa Owino Uhuru kilifungwa mwaka 2014 baada ya wakazi, wakiongozwa na Phyllis Omido, ambaye mwanawe mwenyewe alipatikana na risasi mwilini, kupambana nacho kwa miaka. Mwaka 2020 mahakama iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya.

Kile chuma, basi, kisirudi jikoni. Risasi ni elementi: haiungui ikaisha, sabuni haiimalizi, na kukikwangua ni kutengeneza vumbi jingine. Kitobolewe mashimo chini ili asije mtu akakiuza kwa mama vitumbua. Na ukinunua cha mtumba, chungulia ndani ya mashimo na kwenye mikunjo ya kingo. Doa la kijivu linalokwaruzika kwa ukucha na kung'aa kama fedha si masizi. Ukilikosa, muulize muuzaji kilikuwa kinafanya kazi gani, kwa sababu vumbi la risasi halionekani kwa macho.