Ukitoka Kikuubo, Panda Hadi Barabara ya Dewinton

Wafanyabiashara wetu wa Butembo wanaijua Kampala kwa Kikuubo: vitenge, vipuri vya pikipiki, kisha basi la kurudi Kasindi na Beni. Mimi nafundisha kwaya ya parokia. Nikiwasindikiza ndugu zangu huko, mizigo ikishafungwa mimi hupanda hadi barabara ya Dewinton, karibu na Bunge. Hapo ndipo lilipo Jumba la Taifa la michezo ya kuigiza, lililofunguliwa tarehe 2 Desemba 1959, Waingereza wakiwa bado watawala.

Msitarajie dhahabu. Opera ya Paris, ya mwaka 1875, ina ngazi za marumaru. Hili lina uso wa zege lililotobolewa matundu kama kimia. Viti havifiki mia nne. Hata hivyo, nikiwa kiti cha nyuma kabisa, nilimsikia mwimbaji akivuta pumzi kabla ya kuanza.

Lakini sifa yake kubwa ni Byron Kawadwa. Aliandika Oluyimba lwa Wankoko, Wassanyi Serukenya akautungia muziki: mchezo wa kuimbwa, kwa Kiganda, kuhusu kiti cha enzi na wanaokitamani. Watazamaji wengi waliona humo mambo ya 1966, majeshi ya Obote yalipolivamia jumba la Kabaka, mfalme wa Buganda, huko Mengo. Mwaka 1977 mchezo ulipelekwa Lagos, kwenye tamasha la FESTAC. Kundi liliporudi, watu wa usalama wa Idi Amin walimkamata Kawadwa, ambaye ndiye aliyekuwa akiongoza sanaa za jumba hilo, wakamuua.

Anayeshangaa mtawala kuogopa nyimbo akumbuke Brussels. Usiku wa 25 Agosti 1830, watu walitoka jumba la La Monnaie, ilikochezwa opera ya La Muette de Portici, wakamwagika barabarani. Ghasia hizo ndizo zilizoanzisha mapinduzi yaliyoitenga Ubelgiji na Uholanzi. Sisi Wakongo, shuleni tulikaririshwa majina ya wafalme wa Ubelgiji. Habari ya opera hatukuambiwa!

Sasa nimewaomba wanakwaya wangu tutunge hadithi ya Kinande, iimbwe mwanzo hadi mwisho, bila hata sentensi moja ya kusemwa tu. Wamekubali, ila wale wa sauti ya nne wanataka kwanza wajue nani atakuwa mfalme.