Nani Humkagua Mkaguzi wa Ndege?

Mwezi Juni 2025 Kamisheni ya Ulaya ilitangaza kuwa mashirika yote ya ndege yenye vyeti vilivyotolewa Tanzania hayaruhusiwi kuruka katika anga ya Umoja wa Ulaya. Desemba 2024 marufuku hiyo ilikuwa imeligusa shirika moja tu, Air Tanzania. Abiria wa kawaida akisikia habari ya namna hii, wazo lake la kwanza huenda kwenye ndege zenyewe: zitakuwa kuukuu, au zimekosa matengenezo. Sababu zilizotolewa na Kamisheni zilielekea kwingine. Zilihusu usimamizi: uhaba wa wataalamu wenye sifa, ufuatiliaji usiofaa, na matakwa ya kimataifa ambayo hayakutimizwa. Aliyekuwa akipimwa, kwanza kabisa, ni mamlaka ya nchi.

Ili kuelewa kwa nini shirika hufungiwa mlango kwa upungufu wa mamlaka ya nchi yake, turudi kwenye Mkataba wa Chicago. Vita Kuu ya Pili ilikuwa haijaisha wajumbe wa mataifa walipokutana katika mji huo wa Marekani, na tarehe 7 Desemba 1944 mataifa 52 yakautia saini. Mkataba ulianza kutumika mwaka 1947, na ndio uliozaa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, lenye makao yake Montreal, Kanada. Leo wanachama wake ni nchi 193.

Kifungu cha 33 cha mkataba huo ndicho kinachozifanya ndege zivuke mipaka kila siku bila kudaiwa vyeti vipya. Kinasema kwamba leseni ya rubani na cheti cha ndege vilivyotolewa na nchi moja vitatambuliwa na nchi nyingine, mradi vimetolewa kwa masharti yanayolingana na viwango vya chini vya mkataba au kuvizidi. Bila kifungu hicho, rubani wa Nairobi angelazimika kufanya mtihani upya katika kila nchi anayotua. Lakini uzito wote umo katika neno hilo "mradi". Nchi ikishindwa kuonyesha kuwa vyeti vyake vimetolewa kwa masharti hayo, wenzake hawabanwi tena kuvikubali.

Ndiyo maana kila ndege hubeba alama ya dola iliyoisajili. Ukiwa uwanjani, tazama ubavuni karibu na mkia: 5H ni Tanzania, 5Y ni Kenya, 5X ni Uganda, 9XR ni Rwanda. Ndani ya ndege hiyo, Kifungu cha 29 kinataka ziwepo hati za usajili, cheti cha kuthibitisha kuwa inafaa kuruka, leseni za marubani na wahudumu wanaopaswa kuwa nazo, na daftari la safari. Kifungu cha 16 kinaipa nchi mwenyeji haki ya kuikagua ndege ya kigeni na kuzisoma hati hizo, mradi isiicheleweshe bila sababu.

Ukaguzi huo wa kwenye maegesho hufanywa kwa macho, kwa tochi na kwa kalamu. Mkaguzi huinama chini ya bawa kutafuta mafuta yanayovuja, hutazama matairi yameliwa kiasi gani, huchungulia mizigo kama imefungwa sawasawa. Kisha hupanda na kuomba daftari la kiufundi, ambamo marubani huandika kila hitilafu na mafundi hueleza walivyoishughulikia. Zipo kasoro ambazo ndege inaruhusiwa kuruka nazo kwa muda, kwa kuwa kuna vifaa vingine vya kuzifidia. Muda huo una kikomo: kwa utaratibu wa kawaida, kasoro ya kundi B hupewa siku 3, ya kundi C siku 10. Mkaguzi huhesabu tarehe. Akikuta kasoro iliyopaswa kurekebishwa juzi bado iko wazi, amepata habari kuhusu karakana, kuhusu menejimenti ya shirika, na kuhusu mamlaka iliyopaswa kuliona jambo hilo kabla yake.

Viwango anavyovisimamia vimepangwa katika viambatisho 19 vya mkataba. Cha 1 kinahusu leseni za wafanyakazi, cha 6 uendeshaji wa ndege, cha 8 ubora wake wa kuruka, cha 13 uchunguzi wa ajali, cha 14 viwanja. Hata hivyo, ICAO haina polisi, na wala haiwezi kulifungia shirika lolote. Tangu mwaka 1999 inaendesha ukaguzi wa nchi zenyewe kwa kupima mambo manane: sheria mama, kanuni, muundo wa mamlaka, wataalamu, miongozo na vitendea kazi, utoaji wa leseni na vyeti, ufuatiliaji, na utatuzi wa kasoro zinazobainika.

Katika manane hayo, la wataalamu ndilo gumu kuliko yote. Sheria inaweza kupitishwa katika kikao kimoja cha Bunge. Mkaguzi wa marubani anatakiwa kuwa yeye mwenyewe rubani mzoefu, na mkaguzi wa matengenezo awe amewahi kushika spana. Watu hao ndio wanaotafutwa na mashirika ya ndege kwa mishahara minono. Mamlaka isipowalipa vizuri huwasomesha, kisha ikawapoteza. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zililiona tatizo hili, na mwaka 2007 zikaanzisha wakala wao wa pamoja wa usimamizi wa usalama wa anga, CASSOA, wenye makao Entebbe, ambako wataalamu wachache waliopo wanaweza kutumika kwa pamoja.

Kenya ni ushahidi kwamba kazi hiyo inalipa. Februari 2017 mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, iliipa daraja la kwanza baada ya kupima usimamizi wa nchi. Daraja hilo likafungua njia, na Oktoba 2018 Kenya Airways ikaanza kuruka moja kwa moja kutoka Nairobi hadi New York.

Tusidhani, hata hivyo, kwamba udhaifu wa usimamizi ni ugonjwa wa nchi maskini peke yake. Tarehe 10 Machi 2019, Boeing 737 MAX ya Ethiopian Airlines iliyokuwa ikitoka Addis Ababa kuja Nairobi ilianguka dakika chache baada ya kupaa. Watu wote 157 waliokuwemo walifariki, Wakenya wakiwa wengi kuliko raia wa nchi nyingine yoyote. Miezi michache kabla, ndege ya aina hiyo hiyo ilikuwa imeua watu 189 Indonesia. Programu ya kompyuta iliyotegemea kipimo kimoja tu ilikuwa ikisukuma pua ya ndege chini. FAA, iliyoidhinisha ndege hiyo, ilikuwa imewakabidhi wafanyakazi wa Boeing sehemu kubwa ya kazi ya uidhinishaji. Mkaguzi alimwachia mkaguliwa, na Marekani ikalazimika kubadili sheria mwaka 2020.

Somo hilo linatuhusu moja kwa moja. Katika nchi zetu kadhaa serikali ndiyo inayomiliki shirika la ndege la taifa, na serikali hiyo hiyo ndiyo inayounda mamlaka ya kulikagua. Hilo halikatazwi. Linahitaji tu mkaguzi anayeweza kuizuia ndege ya serikali asubuhi ya safari, akarudi nyumbani jioni kazi yake ikiwa salama. Kununua ndege mpya hushangiliwa na umati uwanjani. Mshahara wa mkaguzi haushangiliwi na mtu, ilhali ndio unaoamua ndege hiyo itaruhusiwa kutua wapi.

Kwa hiyo bajeti ya sekta ya anga ikifika bungeni, wabunge wasiishie kuuliza ndege ngapi zimenunuliwa. Waulize mamlaka ina wakaguzi wangapi wenye sifa, wangapi wameondoka, na kasoro zilizotajwa katika ukaguzi uliopita zimefungwa lini. Nawe mwananchi unayepanda ndege hizo, una haki ya kudai majibu hayo yatolewe hadharani.